Matangazo Juu ya Kola

Kabla ya alfajiri nilisikia kifuniko cha birika kikigongagonga jikoni, nikajua mke wa mwanangu ameamka kunichemshia chai ya safari. Ndani ya basi nilikaa nyuma ya fundi cherehani mwenye tovuti ya kufundisha ushonaji. Mama aliyeketi naye hakumjua, ila tovuti aliijua.

"Matangazo ndiyo yananilipa, dada," fundi alimwambia. "Sasa kampuni inayoyaleta imenipa onyo. Wakiona tena watu wanabofya ovyo bila nia ya kununua, wananifungia."

"Nani anabofya?"

"Mama yangu na shangazi zangu. Kila wakimaliza kuosha vyombo wanabofya matangazo yote, eti wananisukuma mbele. Nawaambiaje waache?"

Niliwapenda wale shangazi bila kuwaona.

"Waambie hivyo hivyo," yule mama alisema. "Ila mimi ulinifukuza wewe mwenyewe. Nilikuwa nakata kola ya shati la bwana harusi kwa kufuata somo lako, tangazo la magodoro likafunika vipimo. Nikalifunga, likaja la rangi za nyumba. Nikakata kwa kukisia. Bwana harusi alitoka kwenye picha kama mtu aliyevishwa sahani shingoni."

"Nilidhani yakijazana ndiyo yanalipa."

"Yatalipaje, kaka, na wasomaji tumekimbia?"

Basi liliposimama, mama alishuka bila kuahidi kitu. Fundi akampitishia mfuko wake dirishani, akabaki ameushika kidogo.

"Nitayapunguza, dada. Njoo tena kwenye tovuti, hata kesho. Lakini usome tu, tafadhali. Usibofye."