Harage la Madoadoa

KABATESI: Haloo? Haloo, nani mwenzangu? Hii namba ya Congo, mimi ng'ambo sina mtu.

RÉGIS: Mwalimu, ni mi! Régis, katibu wako wa chama ya kusoma. Line ya Rwanda imeisha unités, haina salio, nimechukua ile ya Goma. Unanisikia?

KABATESI: Nakusikia kama uko ndani ya pipa. Kwanza shikamoo iko wapi?

RÉGIS: (anacheka) Shikamoo, shikamoo. Sisi ba Goma hatukunyonya hiyo neno.

KABATESI: Marahaba. Miaka yote hii tunakaa wote hapa Nengo, upande wa Rwanda, na bado nakudai salamu. Mkeo hajambo?

RÉGIS: Iko muzuri, anakusalimia. Donc, mwalimu, niko mbio. Niko ku barrière, hapa mupakani, ma camion zimejaa, kila dereva anataka karatasi yake. Alafu Umuhire, dada yangu, anapanda bisi ya saa tano kwenda Kigali. Njo yeye atatununulia vitabu. Anangoja orodha.

KABATESI: Si tulishapiga kura Jumapili? Vitabu sita vilivyoingia kwenye tuzo ya uandishi, tunachagua vitatu vya kusoma mwaka huu. Hesabu maharage ya kura, mpe orodha, kwisha.

RÉGIS: Nimehesabu. "Chumvi ya Katwe" imepita, kumi na moja nyeupe, bila kelele. "Fundi Saa" imepita. Sasa ile ya tatu—

KABATESI: Ngoja nizime jiko.

(mlio wa sufuria)

RÉGIS: Mwalimu?

KABATESI: Nipo. Sema.

RÉGIS: "Mlango wa Jikoni." Iliandikwa na Alliance, ule musichana wa hapa kwetu.

KABATESI: Namjua.

RÉGIS: Nyeupe kumi. Na moja haiko nyeupe.

KABATESI: Basi kimeanguka, masikini. Chukueni "Mkwe wa Pili". Haya, kazi njema, tutaonana—

RÉGIS: Hapana, hapana, usikate! Sheria uliandika we mwenyewe, mwalimu. Kura ni siri. Nyeupe ni ndiyo, yoyote ingine ni hapana, na hapana moja inasimamisha kitabu. Lakini mwenye kusema hapana anapashwa kumupatia katibu sababu. Akinyamaza, kitabu inapita.

KABATESI: Najua nilichoandika.

RÉGIS: Bon. Njo maana nimepiga.

KABATESI: Umewapigia wote kumi na mmoja?

RÉGIS: Nimekupigia we tu.

KABATESI: Ehee! Na kwa nini mimi? Muulize Aloys, yule kila kitabu kwake kina kasoro.

RÉGIS: Mwalimu... maharagi tuliletewa na mama Mukankusi, tangu zamani ni vile. Bakuli ya nyeupe, bakuli ya nyekundu. Hii nilikuta ndani haiko nyeupe, haiko nyekundu. Iko na madoadoa ya zambarau.

KABATESI: Ya zambarau.

RÉGIS: Kama zile ulitugawia ku Noeli, za shamba yako ya Kanama. Hakuna mutu mwingine analima ile.

(honi ya lori)

KABATESI: Yewe Mana yanjye, Mungu wangu.

RÉGIS: Sijaambia mutu.

KABATESI: Uzee huu! Siku ile nilitoka shamba moja kwa moja, nilikuwa nayo mfukoni. Bakuli la nyekundu lilipofika kwangu, Aloys amenikodolea macho kama askari wa forodha. Nikaona nikichukua jekundu atajua. Nikaingiza mkono mfukoni. Nikajiona mjanja kweli! Haya, cheka.

RÉGIS: Sicheki, mwalimu.

KABATESI: Unacheka, nasikia pumzi yako.

RÉGIS: Kidogo. Sasa nipatie sababu, niandike, Umuhire aende.

KABATESI: Andika... andika kwamba ni kinene mno. Mukankusi hasomi, sisi tunamsomea. Kitabu kinene tutakimaliza lini?

RÉGIS: Ni page mia moja na arobaini. Ile ya Katwe ni mia tatu, na uliiwekea nyeupe.

KABATESI: Basi lugha yake. Watoto wa siku hizi Kiswahili wanakibeba kwa kikapu kilichotoboka.

RÉGIS: Kiswahili yake iko muzuri sana. Muzuri kuliko yangu.

KABATESI: Hiyo si kazi. Hata mbuzi wa Kanama—

RÉGIS: Mwalimu.

KABATESI: Samahani. Ulimi unaniwasha leo, wote unaniwasha, tangu alfajiri sikai. Nimefagia ua mara mbili. Lakini ngoja, wewe umejuaje lugha yake? Kitabu si ndiyo kwanza kinanunuliwa?

RÉGIS: Nimesoma. Shangazi wa Alliance anapitaka hapa kila siku na nyanya zake za kuuza, alipata moja toka kwa mutoto. Aliniazimisha. Nimesoma mara mbili.

KABATESI: Umekisoma chote?

RÉGIS: Yote.

(mtandao unakwaruza)

KABATESI: Régis. Na... ndani yake kuna watu gani?

RÉGIS: Watu? Kuna mutoto musichana, iko internat, shule ya kulala, anaandika kwa siri. Kuna mupishi. Kuna rafiki yake mumoja anaugua— Weye! Dereva, toa mukono ku karatasi yangu, nitakuita! —Pardon, mwalimu. Kuna na bibi yake.

KABATESI: Na walimu?

RÉGIS: Walimu ni batu ya kupita tu. Juu ya nini unauliza?

KABATESI: Matroni je? Yule wa kulinda bweni?

RÉGIS: ...Mwalimu, kwani Alliance alisoma kwako?

KABATESI: Si kusoma tu. Kiswahili unachokisifu nilimfundisha mimi. Na bweni nilikuwa nalilinda mimi. Nimesoma yale maneno mawili matatu ya waamuzi wa tuzo, kwamba ni msichana wa shule ya bweni na jiko la shule, na tangu siku ile usingizi wangu ni wa kuku. Sasa umeipata sababu yako. Naogopa nimo ndani. Naogopa tukae Jumapili kwa Mukankusi, chai imeandaliwa, mtu asome kwa sauti, na wote wanigeukie. Miaka tisa wananiita mwalimu, Régis. Naliogopa jina hilo likitoka mdomoni mwao limebadilika.

RÉGIS: Aa. Pole, mwalimu. Sikujua.

KABATESI: Utajuaje? Sikusema.

RÉGIS: Lakini jina yako haiko ndani. Kweli ya Mungu.

KABATESI: Jina si kitu. Mwandishi hubadilisha jina akaacha pua. Niambie tu moja. Kuna daftari?

RÉGIS: Iko.

KABATESI: La jalada la kijani?

RÉGIS: ...Ya kijani, ndiyo.

KABATESI: Na linapatwa na nini?

RÉGIS: Inaungua. Ku moto ya jikoni. Page ya arobaini na kitu. Mi nililia pale, na mi si mutu wa kulia.

KABATESI: Nani analichoma?

(mtandao unakwaruza)

RÉGIS: —wenyewe, ana—

KABATESI: Nani? Haloo! Régis, nani amelichoma?

RÉGIS: —nisogee huku ku ukuta... Haloo? Sasa unanisikia?

KABATESI: Sema ni nani!

RÉGIS: Mutoto mwenyewe!

KABATESI: Mtoto gani?

RÉGIS: Ule musichana. Iko jikoni na daftari yake, anasikia hatua za mutu inje, zinakuja. Anaogopa. Anaitia yeye mwenyewe ku moto.

KABATESI: Hatua za nani?

RÉGIS: Kitabu haisemi. Hatua tu. Zinafika ku mulango, zinasimama, zinarudi.

KABATESI: Zinarudi.

RÉGIS: Njo vile. Donc uko libre, mwalimu! Hauko ndani. Niandike tu haragi imeondolewa, mambo imeisha?

(kwikwi)

RÉGIS: Mwalimu? Mbona unalia? Yewe, mama, nimesema nini?

KABATESI: Hazikurudi, Régis.

RÉGIS: Nini?

KABATESI: Hatua hazikurudi. Ziliingia. Nilimkuta amekaa juu ya gunia la mkaa, anaandika, wenzake wako kwenye sala ya asubuhi. Mara ya tatu wiki ile. Nikalichukua daftari. Nikalisoma ukurasa mmoja, na ulikuwa mzuri, ndicho kinachoniua, ulikuwa mzuri kuliko chochote nilichopata kuandika mimi ujanani, maana na mimi niliwahi kujaribu, kule Karagwe nilikokulia, nikashindwa. Nikalitia motoni kwa mkono huu. Mpishi akanitazama, nikamwambia koroga uji wako. Nikamwambia mtoto simama hapo uangalie mpaka liishe.

RÉGIS: Oo, mwalimu.

KABATESI: Hakulia hata tone. Unajua alisemaje? "Asante, mwalimu." Ndivyo tulivyowafundisha, akiadhibiwa ashukuru. Akashukuru. Nikamjibu: "Vizuri, nenda darasani."

RÉGIS: Na yeye ameandika ni yeye.

KABATESI: Ameandika ni yeye. Kanifichia. Mtoto niliyemchomea kanifunika shuka mbele ya dunia nzima, na mimi huku nampigia kura ya hapana kwa harage la mfukoni. Aibu gani hii? Bora angenitaja. Angenitaja na pua yangu na kilemba changu, ningekasirika, ningejitetea, tungekuwa sawa.

RÉGIS: Labda hakutaka kukuumiza.

KABATESI: Au hakuona nafaa kutiwa kitabuni. Sijui lipi baya zaidi. Saa ngapi?

RÉGIS: Tano kasoro kumi. Umuhire anapiga ku line ingine, mara ya ine hii.

KABATESI: Kiandike.

RÉGIS: "Mlango wa Jikoni"?

KABATESI: Kiandike cha kwanza, juu ya Chumvi na Fundi wote. Tukianze Jumapili ya kwanza. Na ukurasa ule wa arobaini na kitu usimpe mtu mwingine zamu, nitausoma mimi. Nitausoma kama alivyouandika, bila kuongeza nukta. Halafu nitafunga kitabu niwaambie ukweli wake, kwamba zile hatua—

(mlio, simu imekatika)

KABATESI: Haloo? Régis? Aah, hizi line za ng'ambo! Haloo?

(simu inaita upya)

RÉGIS: Allô, mwalimu? Unités zimeisha kabisa. Aksanti kunipigia.

KABATESI: Ulisikia?

RÉGIS: Nilisikia mpaka "kiandike cha kwanza". Nimeandika, nimemutumia Umuhire, iko sawa. Baadaye ilikuwa kelele tu. Kuna kingine ulisema?

(kimya)

RÉGIS: Mwalimu? Kama haikuwa kitu ya maana tutaongea Jumapili.

KABATESI: Hukusikia kabisa?

RÉGIS: Hata neno. Na ile ingine uliniambia, ya jikoni, hiyo mi naibeba peke yangu. Hakuna mutu atajua. Kitabu imesema ni mutoto, basi ni mutoto.

(mlio wa kiti kikivutwa)

KABATESI: Una kalamu?

RÉGIS: Iko mukononi.

KABATESI: Na daftari la mikutano?

RÉGIS: Iko hapa chini ya ma déclaration, karatasi za mizigo.

KABATESI: Andika. Ukurasa wa daftari kuungua, msomaji ni Kabatesi.

RÉGIS: ...Kabatesi. Nimeandika.

KABATESI: Chini yake andika: baada ya kusoma, Kabatesi atasema mlangoni alisimama nani.

RÉGIS: Mwalimu, hiyo daftari inazungukaka. Aloys ataisoma. Mama Mukankusi atasomewa.

KABATESI: Ndiyo maana nataka iandikwe. Mimi najijua. Tangu sasa mpaka siku hiyo nitakuwa nimefagia ua mara mia na kupata sababu mia za kuumwa kichwa. Andika jina langu lote, nisije nikageuka.

RÉGIS: (polepole) ...a-ta-se-ma... alisimama nani. Nimeandika.

KABATESI: Nisomee.

RÉGIS: "Baada ya kusoma, Kabatesi atasema mulangoni alisimama nani."

KABATESI: Usitie "mu". Mlangoni.

RÉGIS: Mwalimu!

KABATESI: Haya, acha, iko sawa. Iache hivyo hivyo.

RÉGIS: Dereva huyu ataniua. Nakimbia, mwalimu. Unakaa na nani pale nyumbani?

KABATESI: Niko peke yangu. Nenda.

RÉGIS: Jioni nitapita na muke wangu, tukusalimie.

KABATESI: Njooni. Na Régis, shangazi yake akipita na nyanya zake...

RÉGIS: Nimuambie nini?

KABATESI: Mwambie... Mwambie naomba namba ya mtoto. Akiuliza ya nini, mwambie mwalimu wake anataka kumjibu ile asante. Alipewa jibu lisilo lake.