Tulinagwe, Aliyetoka Msibani Kwenda Darasani

Ndugu, jamaa na majirani mliofika hapa Kisondela leo Alhamisi, tarehe 12 Februari 2026, tunaomba mtulie kidogo mumsikie kwa mara ya mwisho Tulinagwe Ambindwile Mwasumbi, mke wa Wilson Mwambipile. Atakayemsemea ni mimi, Agness, mdogo wake anayemfuata, fundi cherehani wa pale Kiwira. Wazee wameniomba niwe mfupi na nisiseme kila kitu. Hilo la ufupi nitajitahidi.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Mei 1983 nyumbani Nkunga, mtoto wa pili kati ya watano wa marehemu Mzee Ambindwile Mwasumbi na Mama Subilaga, na wa kwanza kwa upande wa wasichana. Alibatizwa mwaka huohuo katika Kanisa la Moravian. Tangu mdogo alikuwa mtu wa kupanga vitu. Vikombe vilikaa kwa ukubwa, kuni zilikaa kwa unene, na sisi wadogo zake tulipangwa kwa urefu kabla ya kuogeshwa. Aliyetoka kwenye mstari alirudishwa mwisho, maji yakiwa yamekwisha kupoa. Anayeijua baridi ya Nkunga ya mwezi wa saba anajua hiyo ilikuwa adhabu ya namna gani.

Alisoma shule ya msingi hukohuko Nkunga kuanzia mwaka 1991 hadi 1997, kisha sekondari, akamaliza kidato cha nne mwaka 2001. Mwaka huo alimsindikiza baba mjini Tukuyu kufuatilia jambo la mpaka wa shamba. Katika ofisi moja wakamkuta mama mmoja mhazili anachapa huku anaongea nao habari za mvua, macho yako kwao, vidole vinakwenda vyenyewe. Dada alirudi nyumbani hasemi lingine. Baba, ambaye hakuwa mtu wa kuahidi ahadi, alimwahidi kwamba mwaka unaofuata angempeleka kusomea uhazili. Mwaka uliofuata baba alianza kuugua, na tarehe 3 Novemba 2002 tukamzika. Mama alibaki na wadogo, na binti mkubwa wa nyumba mnajua anageuka nini. Dada alikwenda kuchuma chai, na ni chai hiyo iliyotusomesha sisi. Sare yangu ya shule ilitoka kwenye kikapu chake.

Tarehe 17 Desemba 2005 alifunga ndoa na shemeji yetu Wilson, mfanyakazi wa kiwanda cha chai, akahamia hapa Kisondela. Mungu aliwajalia watoto watatu: Lusungu, Joel na Prisca. Wilson ni mtu mpole. Upole wake umemfaa kila mtu wa kijiji hiki, na mara nyingine mke wake ndiye aliyepunjika. Shemeji, utanisamehe, wewe mwenyewe jana uliniambia niseme kweli. Dada alilima, alichuma chai, alimuuguza mama mkwe miaka ile yote aliyolala kitandani, na kila alipogusia habari ya kusoma aliambiwa subiri. Subiri mtoto aache ziwa. Subiri mama apate nafuu. Kusubiri nako ni kazi, na hiyo aliifanya vizuri kuliko zote.

Januari 2022 Prisca alianza darasa la kwanza, na asubuhi hiyohiyo dada akatangaza kwamba na yeye anaanza. Alikuwa amepata nafasi katika chuo kimoja cha ufundi stadi mjini Tukuyu, kozi ya biashara na utawala wa ofisi, miaka miwili. Jioni Wilson akauliza swali moja tu.

"Na misiba?"

Hakuuliza ada wala nani atapika. Aliuliza misiba, na wenyeji wote hapa mnajua kwa nini.

Kwa wageni wetu mliotoka mbali, nieleze kidogo. Huku kwetu mtu akifiwa, majirani hawamwachi. Wanawake wanakuja na ndizi, unga na kuni, wanatandika majani ya migomba na mikeka, wanapika, wanalia naye, wanalala naye hadi matanga yaishe. Kina mama wa hapa wana kikundi chao cha kufa na kuzikana, na mwenyekiti ni Mama Atuganile, yule aliyekaa pale mbele. Sheria yao ni fupi kama jina la mtoto: asiyezika hazikwi. Ni sheria njema, ilituzikia mama mkwe wetu vizuri sana. Ila haijui ratiba ya chuo, na mauti hayaji siku za Jumamosi tu.

Chuoni dada alipendwa. Walipofika kwenye somo la kuchapa, mwalimu wao, Mwalimu Kenneth, mwenyeji wa Singida, aliwafunika mikono kwa kitambaa ili wazoee kutotazama herufi. Wasichana walihangaika wiki nzima. Dada siku ya pili vidole vilikuwa vinakwenda. Alisema anayechuma chai hatazami kila jani, mkono unajua wenyewe palipo laini. Lakini wiki iliyofuata hakuonekana, na ya baada ya hapo alionekana nusu. Mwalimu akamwita.

"Mama, wewe unafiwa kila wiki? Ukoo wenu si utaisha?"

"Siyo ukoo, mwalimu. Ni majirani."

"Sasa jirani akifa, wewe ndiyo ukose kompyuta?"

"Nikikosa kule, mwalimu, siku yangu wewe ndiye utakuja kunichimbia?"

Mwalimu Kenneth alicheka, ila chuo hakikucheka. Mahudhurio yake hayakufikia kiwango, na mwisho wa mwaka alizuiwa kuingia kwenye mtihani. Akarudia mwaka. Siku ile alikuja Kiwira dukani kwangu, akakaa kwenye kile kigoda cha wateja, akalia kwa hasira, machozi na kamasi. Aliniambia, "Agness, nikienda huku nakosa, nikienda kule nakosa. Mimi ni wa wapi sasa?" Nilimpa chai.

Mwaka 2023 alimwendea Mama Atuganile kwa adabu zote, akapiga magoti, akaomba awe anatuma ndizi na kuni asubuhi, na yeye mwenyewe aje jioni akitoka darasani. Mama alimsikiliza hadi mwisho. Kisha akamjibu, na maneno hayo dada alinisimulia mara nyingi.

"Ndaga, mwana gwangu, asante, umesema vizuri. Lakini ndizi hazilii. Msiba si balua, kwamba unatuma inafika. Tunakutaka wewe ukae na sisi."

"Mama, nitakaa jioni."

"Mshika mbili moja humponyoka. Nenda kafikirie."

Akafikiri, akachagua darasa. Mwezi wa nne mwaka 2024 kikundi kilimwondoa. Nataka ijulikane kwamba hakuacha kuja. Alifika kwenye kila msiba jioni akiwa na sare ya chuo, shati jeupe na sketi nyeusi, akakaa mwisho wa mkeka. Wenzake walikuwa wanamenya ndizi, na hakuna aliyempa kisu. Alikaa mikono mitupu mapajani mpaka giza likaingia, kisha akarudi nyumbani kupikia watoto. Kwa mwanamke wa hapa hakuna kifungo kinachouma kuzidi hicho, kukaa katikati ya watu wako bila kazi ya mkono. Nyumbani nako Wilson alikuwa halali, anageuka tu kitandani, anauliza, "Mama Lusungu, sisi tutazikwa na nani?" Dada alimjibu, "Kwani una safari?" Alitania, lakini na yeye alikuwa anaogopa.

Novemba 2024 alifanya mtihani, akafaulu. Machi 2025 aliajiriwa mhazili katika ofisi ya wanunuzi wa parachichi pale Kiwira, hatua chache kutoka dukani kwangu. Siku ya kwanza nilikwenda kumsalimia. Akanionyesha kiti, akakutanisha mikono juu ya meza, akaniuliza, "Nikusaidie nini?" Nikamwambia, dada, mimi ni Agness. Akasema, "Najua. Lakini jibu." Ikabidi nieleze shida yangu, nami sikuwa nayo, nikaitunga. Akanisikiliza kama mgeni wa maana, akaniambia nitajibiwa wiki ijayo. Tulicheka mpaka bosi wake akatoka kuchungulia. Niliposhuka ngazi za ofisi ile nilikuwa na furaha ambayo sijaipata tena.

Ofisi ile aliikalia miezi michache tu. Septemba 2025 alianza kuumwa tumbo na kiuno. Baada ya vipimo katika hospitali ya rufaa Mbeya ikajulikana ni saratani ya kizazi, na ilikuwa imekwenda mbali. Lusungu, ambaye naye alikuwa ameanza kozi ileile katika chuo kilekile, ndiye aliyemuuguza zaidi, anasoma wodini, anakosa vipindi. Jambo hilo lilimtesa dada kuliko maumivu. Jioni moja mwezi wa kwanza alinishika mkono.

"Agness, Lusungu ana mtihani wa vitendo mwezi wa pili. Nikiondoka karibu na siku hiyo, asikae matanga yangu. Aende."

"Dada, achana na maneno hayo."

"Sikiliza. Watakwambia mwalimu ataelewa. Ni kweli, msiba wangu ataelewa. Na wa bibi yake ataelewa. Na wa jirani je? Mimi walinielewa, walinielewa, mpaka nikakosa mtihani."

Nikamwahidi. Tulinagwe aliaga dunia Jumanne, tarehe 10 Februari 2026, saa kumi na moja alfajiri, akiwa na umri wa miaka arobaini na mbili.

Tulileta mwili nyumbani tukiwa na hofu, nalisema wazi. Baadhi ya ndugu walishauri tumpeleke Nkunga, tumzike kwa baba yake, tusije tukaaibika na uwanja mtupu. Wilson, huyu mpole, alisimama akasema mke wake atalala nyumbani kwake hata kama atachimba yeye na Joel. Hakuchimba. Jumanne jioni Mama Atuganile alifika na kina mama wote, na kuni zao kichwani, akasema, "Sheria ni ya kikundi. Kilio ni cha watu." Nililia siku hiyo kwa mara ya pili. Mama, mbele ya watu wote hawa, ndaga fijo. Mmetutendea wema ambao hatuna cha kuulipa.

Na hapo ndipo penye tabu yetu. Jana mchana Mama Atuganile mwenyewe alisema, na hakusema kwa ubaya, kwamba wamemsamehe mama, sasa binti akae matanga yote, amalizie alichokosa mama yake. Wazee wakaitikia. Sheria mtu anaweza kushindana nayo, lakini wema unashindana nao vipi? Lusungu alinijia nyuma ya jiko.

"Mama mdogo, nikienda watasema sina uchungu na mama. Nikikaa nitakuwa nimemdanganya mama."

Marehemu ameacha mume, Wilson. Mama mzazi, Subilaga. Kaka mmoja, Ambokile, na wadogo watatu. Ameacha mwanawe Joel, wa kidato cha tatu, na Prisca, wa darasa la tano. Lusungu nimemweka wa mwisho kwa makusudi. Mtihani wake ni kesho Ijumaa, saa tatu asubuhi, Tukuyu. Kesho kukipambazuka ataondoka hapa msibani, mama yake hajamaliza hata siku moja kaburini, na atakwenda chuoni. Matanga nitakaa mimi. Nimefunga duka. Nitamenya, nitapika, nitalia kwa ajili yangu na kwa ajili yake, na mkiwa na hasira mtanitolea mimi, nafahamu kuzijibu. Mtoto huyu hajawaomba ruhusa na hataomba. Jambo hili nimelichapisha kwenye karatasi hizi mlizoshika, nimelisoma kwa sauti mbele ya kaburi, ili kesho alfajiri akipita kati yenu pale uani asilazimike kufungua mdomo.

Mtakachomfanyia ni kumpisha njia.

Dada, umefika. Bwana akupumzishe kwa amani, na akuache ulale.