Mama Rudia na Redio Moja ya Mnarani

Ndugu, jamaa, majirani na nyote mliofika kumsindikiza dada yetu, familia imenituma mimi mdogo wake niwasomee habari za maisha yake, na kwa kuwa mwenyewe hakupenda maneno yapotee njiani, nitasoma polepole.

Dada alizaliwa tarehe 14 Machi 1962 katika hospitali ya wilaya, mtoto wa tatu kati ya sita wa baba fundi uashi na mama mshonaji, na tangu utotoni alikuwa king'ang'anizi, akishika jambo lake hata umchekeshe haliachii. Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1969 hadi 1975, akaendelea na sekondari hadi mwaka 1981, kisha akajiunga na chuo cha usafiri wa anga mwaka 1983, ambako darasa zima lilikuwa na wasichana wawili, na mwenzake alihamia ualimu kabla ya mwaka kwisha.

Tarehe 4 Februari 1985 aliajiriwa kuwa mwongoza ndege, akapanda mnarani, katika chumba cha vioo pande zote, ambamo waongozaji wawili walikaa kiti kwa kiti, mmoja akizungumza na marubani kwa Kiingereza katika redio moja, mwingine akizungumza na madereva wa matrekta ya kukata nyasi na magari ya zimamoto kwa lugha ya nyumbani katika redio nyingine, kwa hiyo rubani hakumsikia dereva, wala dereva hakumsikia rubani, na usalama wa wote ulitegemea wale wawili waambizane.

Alasiri ya tarehe 9 Agosti 1990 hawakuambiana. Mwenzake alimruhusu dereva wa trekta avuke njia ya kurukia ndege, simu ya mezani ikalia, akaipokea kabla hajamgeukia dada, naye dada, macho yakiwa kwenye ndege inayokuja, akampa rubani ruhusa ya kutua. Rubani aliliona trekta akiwa karibu kabisa na ardhi, akainua ndege, ikapita juu kwa ngurumo iliyomfanya dereva aruke na kulala kifudifudi majanini, na ingawa hakuna aliyeumia, dada alituambia kwamba siku ile alishuka ngazi za mnara akiwa ameshika ukuta.

Ikaundwa kamati, na kwa kuwa kamba hukatikia pembamba, wakubwa wakaona ni rahisi kuandika kwamba dereva aliingia bila ruhusa, afukuzwe, mambo yaishe. Dada alisimama mbele yao akasema, "Aliomba, akajibiwa na mwenzangu, na mimi niliyekaa kiti cha pili sikusikia, basi kama ni kufukuza anzeni na mimi." Dereva alibaki kazini, dada akaondolewa mnarani na kupelekwa kwa miezi minane kwenye dirisha la mizigo iliyopotea, akitukanwa na abiria kwa ajili ya masanduku ambayo hakuyapoteza yeye.

Aliporudi mnarani aliomba jambo moja tu, kwamba dereva na rubani wawekwe katika redio moja, lugha moja, kila mmoja amsikie mwenzake. Alijibiwa kwamba rubani hahitaji kusikia habari za nyasi, na kwamba madereva hawajui Kiingereza. Hilo la kwanza alilicheka, hilo la pili akalikunjia mikono ya shati, akawa kila Jumatano baada ya kazi anawafundisha madereva katika banda la matrekta, injini ikiwashwa makusudi ili wazoee kusikiliza ndani ya kelele, na kila agizo ilikuwa lazima msikilizaji alitamke upya neno kwa neno, ndipo walipomwita Mama Rudia. Waongozaji wapya nao aliwapandisha kwenye trekta, wasikie wenyewe jinsi sauti ya mnarani inavyofika kule chini ikiwa imechanika.

Tarehe 17 Desemba 1994 alifunga ndoa na dereva yule yule, na wenye midomo wakasema kumbe alimtetea kwa mapenzi, ilhali shemeji yetu husema hadi leo kwamba wakati ule alikuwa hata hamsalimii, akimwona anaringa kwa kukaa juu. Walijaliwa watoto wawili, binti mwaka 1996 na mvulana mwaka 1999, ambao hawakutumwa dukani bila kurudia walichoagizwa, na mama mkwe, alipoambiwa naye arudie, alisema yeye aliomba mkwe, si mwalimu.

Wakubwa watatu walikuja na kuondoka, na kila mmoja dada alimpelekea ombi lile lile, hadi tarehe 1 Juni 2006 redio ikawa moja.

Alistaafu Machi 2022 akiwa tayari anasumbuliwa na figo, na tarehe 18 Septemba 2024, yeye akiwa amelazwa hospitalini, gari la zimamoto liliruhusiwa kuingia njiani kukagua maji ya mvua, mwongozaji akajisahau, akamruhusu rubani atue, lakini rubani alikuwa amemsikia dereva kwa masikio yake mwenyewe, akakataa kutua, akazunguka. Shemeji alipompelekea habari hizo wodini, dada aliuliza ni nani aliyefukuzwa, akaambiwa hakuna, akasema, "Basi vizuri," akageukia ukutani akalala. Alifariki dunia alfajiri ya tarehe 3 Oktoba 2024, na tumeumia sana.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya figo, majirani waliopokezana kukesha naye, wenzake wa mnarani, na madereva wa matrekta walioacha nyasi leo wakaja kumbeba. Na kama hapa yupo abiria wa ndege ile iliyozunguka mwezi uliopita, aliyeteremka akinung'unika kwamba amecheleweshwa, tunamshukuru kwa kufika nyumbani kwake, maana hicho ndicho dada alichokihangaikia miaka yote.

Dada, umeifanya kazi ukaimaliza, sasa upumzike kwa amani.