Foto Ambayo Mama Furaha Alikataa Kuangalia

Kwenye banc, benchi ya mbao ya mutaa wa Kimemi, mbele ya termosi ya mama Furaha, kahawa haijapoa na Esdras amekwisha kuchosha masikio ya kila mutu. Banamuita Ministre, waziri, juu ya vile hakuna jambo asilolijua, na jina lile linamupendeza kuliko sukari. Leo amekuja na telefone mukononi: page moja ya habari imetupa foto ya vita ya upande wa Kamango, mutu amelala kifudifudi kwa matope, koti ya manjano mugongoni. Kahongya, bwana ya Furaha, alipeleka muzigo kule akivaa koti ya manjano, na tangu jana telefone yake haipatikani.

— Mama Furaha, angalia kidogo tu, useme kama ni yeye.

— Hapana. Bwana yangu nitamuona akikuja kunywa kahawa.

Vieux Maulidi, muzee anayeendesha camion ya mizigo, akaweka kikombe chini.

— Ministre, kwetu mufu tunamufunika. Wewe unamutembeza kama mikate?

Ministre akanyoosha kola.

— Vieux, lazima dunia ione! Batu ba Ulaya bakiona, kesho vita imeisha.

— Banaona tangu ulikuwa unanyonya.

— Ni juu écran, kioo ya telefone yao, ni kidogo! Tubaonyeshe kwa ukuta muzima! Tubandike hata kwenye mwezi!

— Na usiku batu balale namna gani?

— Balale muchana!

Hata Furaha akacheka, lakini kahawa ikamwagikia pembeni ya kikombe. Ministre akaona. Akajifanya hajaona.

Moto moja, pikipiki ya muzigo, ikasimama. Likashuka fungu la matope, na ndani yake alikuwa Kahongya.

— Wabukire! akasalimia. Telefone iliingia maji. Kahawa iko?

Furaha akamurukia shingoni, termosi ikapinduka.

— Mais… lakini nilitambua koti yako kwa foto! Ministre akagugumiza.

— Na yako je? Kahongya akamuuliza.

Ministre akajiangalia. Manjano. Akamuangalia Maulidi. Manjano. Bote balinunua kwa balo moja ya mitumba sokoni.

— Donc, basi na wewe ulikufa, Ministre! Maulidi akapiga kelele. Leta foto, tukulilie!

Banc nzima ikataka kuanguka na kicheko. Kahongya naye, akicheka, akachukua telefone. Akaangalia sana.

— Na huyu, muke yake nani atamuambia?

Ministre akavua koti yake ya manjano, akafunika ile telefone.