Mwalimu Hamadi Anatoka Darasa la Kwanza

Baada ya miaka thelathini na sita kazini, Mwalimu Hamadi Tambwe anastaafu tarehe 2 Julai 2025. Miaka yote hiyo ameimaliza katika darasa la kwanza la shule yetu ya Alunguli. Hapa Kindu hatumjui mtu mwingine aliyerudia darasa moja mara nyingi hivyo. Walipotaka kumpandisha awe mkuu wa shule alikataa, eti bado hajajua kusoma vizuri.

Kazi yake ilikuwa kupokea watoto wa miaka sita wanaolilia mama zao, na kuwatoa wakijua kusoma, kuhesabu bila vidole, kungoja zamu na kufunga kamba za viatu. Alijua hata jino la nani litang'oka wiki gani. Ila kungoja zamu kulimshinda mwenyewe, hasa chai ya walimu ikishaletwa. Na kamba za viatu? Tangu aajiriwe tumemwona na ndara tu. Wenzake tuna mashaka yetu.

Sasa niseme langu mimi, Clémentine, mwalimu mwenzake. Vita ilipoingia nilikuwa na miaka sita, tukakimbilia msituni upande wa mji wa Kama. Tuliporudi mwaka 2003 nilikuwa na kumi na mmoja na sijui hata herufi moja. Amri ilikuwa kwamba mtoto mkubwa hivyo asipokelewe darasa la kwanza. Mwalimu Hamadi akatupokea kimyakimya, wakubwa saba. Siku mkaguzi alipokuja, alituketisha sisi chini kwenye mkeka na wadogo juu ya mabenchi. Ukitazama kutoka mlangoni, vichwa vyote vilikuwa sawa. Alijisifu sana kwa ujanja huo.

Hakufikiria kwamba mkaguzi angemwinua mtu asome. Kidole kikaniangukia mimi. Nikasimama, nikazidi kusimama, mpaka nikampita mwalimu wangu kwa kimo. Nikasoma ubao mzima bila kuruka hata neno moja, maana nikifukuzwa pale nisingepata shule nyingine.

Mkaguzi akauliza umri wangu. Mwalimu Hamadi, mtu wa swala tano, akajibu bila kupepesa macho: "Huyu iko na miaka sita, na ingine kidogo."

Mkaguzi akacheka mpaka akavua miwani. "Ingine kidogo njo ngapi?"

"Njo ile ya vita, bwana mkaguzi. Ile hatuhesabu."

Mkaguzi akaacha kucheka. Alivaa miwani yake, akachukua mkoba, akaenda darasa la pili.

Wote saba tulibaki, na wote tunajua kusoma. Septemba darasa lake nalichukua mimi, na nitampokea kila atakayekuja, hata akinizidi kimo. Asante, mwalimu wetu. Tunakupenda. Mungu akujalie afya, na miaka mingi ya kukaa nyumbani kwa raha, na hiyo tutaihesabu yote.