Papa Damas na Nyimbo za Wayeyusha Shaba

Habari za mchana, wasikilizaji wapendwa. Leo tunamkumbuka Papa Damas Kalasa wa Panda, hapa Likasi. Alifariki Jumapili iliyopita, akiwa na miaka sabini na nane.

Wengi mlimjua kama mchapaji wa zamani wa parokia. Lakini kazi yake kubwa ilikuwa nyumbani. Sebule yake aliigeuza makumbusho ya Wasanga, watu waliokuwa wakiyeyusha shaba katika vilima hivi kabla ya kampuni yoyote kufika. Aliweka humo misalaba ya shaba iliyotumika zamani kama fedha, mivukuto ya kupulizia moto, na picha za wazee. Kila mwezi alitoa gazeti la kurasa nne. Alilisambaza kwa miguu, hadi Kakontwe.

Nyimbo za wayeyushaji alifundishwa na Mama Fortunée, mzaliwa wa Shinkolobwe. Hakuna mwingine aliyekuwa akizijua. Papa Damas akiimba vibaya, mama yule alimcheka, akamrudisha mwanzo. Mwaka wa 2021 Mama Fortunée akafa. Papa Damas akamwambia binti yake, Blandine: "Sasa nikikosea wimbo, hakuna tena muntu wa kunirudisha."

Hakuacha. Kila Jumapili saa nane mchana alifungua mlango, akapanga viti sita. Mara nyingi hakuja mtu. Siku moja Blandine alifika kutoka Lubumbashi, akamsikia baba yake akisimulia ndani.

"Papa, unasema na nani?"

"Na biti, mwanangu," akajibu, akionyesha viti vile sita. "Byenyewe habikimbie."

Wasikilizaji wapendwa, nami nina la kukiri. Papa Damas aliniomba mara mbili niende kumrekodi. Mara mbili nilimjibu, "Wiki ijayo, Papa." Sikwenda. Nyimbo zile hazikurekodiwa.

Jumapili iliyopita jirani yake, Élie, alimkuta ameketi, mlango wazi, moyo umesimama. Daftari la wageni lilikuwa mapajani. Blandine alinionyesha ukurasa wa siku hiyo. Una jina moja tu: Damas Kalasa.

"Alijiandika yeye mwenyewe," akasema Blandine. "Hakutaka ukurasa ubakie mutupu."

Pole sana, Blandine. Pole, Élie. Poleni, familia yote ya Kalasa.

Nanyi mnaonisikiliza, huenda sasa hivi kuna mzee peke yake chumba cha pili. Zimeni redio. Mwendeeni.