Mama Mlango, Aliyewazuia Wenye Mafua

Marehemu mama yetu, ambaye wengi wenu mlimfahamu kama Mama Mlango, alizaliwa tarehe 9 Machi 1951, mtoto wa nne wa fundi cherehani na mkulima wa mboga. Alizaliwa akilia kwa sauti kubwa, na kaka zake walidai hakuwahi kuipunguza.

Alimaliza darasa la saba mwaka 1966. Hesabu zilimpiga chenga, lakini kwa maneno hakuna aliyemweza. Mwalimu alimhamishia dawati la mbele mara tatu, naye akageuza shingo na kuendelea na mazungumzo.

Tarehe 2 Mei 1970 aliajiriwa kuwa mhudumu wa usafi katika wodi ya watoto. Mwaka huohuo alilazwa mtoto wa kike wa miaka miwili aliyeungua mguu. Mguu ulikuwa unapona vizuri. Kisha mgeni mmoja akaja kumwona mtoto wa kitanda cha jirani huku akikohoa, na baada ya wiki mbili yule binti akafariki kwa homa ya mapafu. Mama alilia sana. "Alikuja na mguu, akaondoka na kifua," alisema, akaapa kuwa halitatokea tena mbele ya macho yake. Tangu hapo, kila saa ya kutazama wagonjwa alisimama mlangoni na ndoo ya maji na sabuni. Mwenye mafua hakupita, awe shangazi awe nani.

Mwaka 1975 alifika daktari mkuu, pua inamtiririka.

"Shikamoo, daktari. Leo huingii."

"Marahaba. Unajua unaongea na nani?"

"Najua, baba. Ila mafua hayajui cheo."

Wauguzi waliinamisha vichwa wasicheke. Kwa siku tatu daktari mkuu alifanya kazi akiwa nje ya dirisha. Siku ya nne alikuja mzima, amebeba kiti, akakiweka mlangoni na kusema ni cha Mama. Mama alikikalia hadi alipostaafu mwaka 2006.

Alifunga ndoa tarehe 18 Agosti 1973 na dereva wa gari la wagonjwa. Siku ya posa baba alikuwa anakohoa, basi akakalishwa kibarazani, na wazee wakampazia sauti kutoka sebuleni. Babu akauliza, "Binti, huyu ni mchumba au mgonjwa?"

"Akipona nitakujibu, baba."

Alipona, na wakajaliwa watoto watatu.

Januari 2024 Mama alianza kuvimba miguu na kukohoa. Mwezi huohuo kitukuu wake wa kwanza alizaliwa, akaletwa nyumbani. Mama alikataa katakata kumpakata. Kwa siku tisa alimtazama kwa mbali, machozi yakimlenga. "Nampenda, ndiyo maana simsogelei," alisema. Siku ya kumi daktari aliyempima alipiga simu: majibu yametoka, kikohozi kinatokana na moyo kuchoka, hakiambukizi.

"Soma tena, mwanangu. Taratibu."

Akasoma tena. Mama alinawa mikono hadi viwiko, akaketi kitandani. "Haya, nileteeni mtu wangu." Alimpakata mchana kutwa, akimsimulia umbea wote wa ukoo.

Alifariki kwa utulivu nyumbani tarehe 21 Februari 2024, saa nne asubuhi. Ameacha mume, watoto watatu, wajukuu saba na kitukuu mmoja, ambaye sasa hivi amelala mapajani mwa mama yake, kifua chake kizima kabisa.

Mama yetu, pumzika salama.